Tiba ya Tabibu Itard

Mwaka 1821, mjini Paris, tabibu Jean Itard, aliyekuwa akihudumu katika chuo cha viziwi, alichapisha kitabu cha maradhi ya masikio, akapambanua ndani yake uvumi wa masikioni utokanao na damu ipitayo mishipani na ule usio na sauti yoyote ya hakika. Dawa zikishindwa, naye akikiri kuwa hushindwa mara nyingi, mgonjwa asiyepata usingizi alitafutiwa sauti ya nje ilandanayo na ya sikio: asikiaye mluzi, kuni mbichi zilie mekoni pake, asikiaye kengele, maji yamdondokee katika bakuli kubwa la shaba kutoka chombo kilichotobolewa kitundu. Hata kuhamia penye kinu cha maji, sikwambii kelele zake, kulihesabiwa kuwa tiba.