Walioachwa Nje ya Ua

Jioni moja ya mwaka 1684, mshairi Matsuo Basho alifika katika Hekalu la Nje la Ise, nchini Japani, na hakuruhusiwa kusogea mbele ya miungu. Hakuwa mtawa; lakini kichwa alikinyoa, upanga hakuvaa, na mkononi alishika tasbihi. Kwa wenye hekalu, hayo yalitosha kumhesabu miongoni mwa watu wa Budha. Basho alizaliwa Iga, jimbo lililopakana na Ise. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Yeye, karibu kabisa na kwao, alisimamishwa nje.

Marufuku hiyo ilikuwa ya zamani, na ilifika hadi ulimini. Engishiki, kitabu cha sheria na taratibu kilichokamilika mwaka 927, kimeorodhesha maneno yaliyokatazwa katika kasri ya binti wa kifalme aliyepelekwa Ise kumtumikia Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Budha aliitwa ‘wa katikati’. Mtawa, asiye na hata unywele mmoja, aliitwa ‘mwenye nywele ndefu’. Kufa kuliitwa ‘kupona’, damu iliitwa ‘jasho’, na kulia kuliitwa ‘kuchuruzika maji ya chumvi’. Mpenzi wa mashairi atalitambua fumbo. Ila fumbo hili lilijengwa liwe ukuta.

Na kilicholindwa nyuma ya ukuta huo ni nini? Si jiwe wala dhahabu. Ni nyumba za mbao za hinoki, mti mweupe unaonukia, zilizoezekwa kwa nyasi, na nguzo zake zimefukiwa ardhini bila ya msingi wa mawe. Nguzo ya namna hiyo huoza. Basi tangu mwaka 690 ilipangwa kwamba kila baada ya miaka 20 hekalu lijengwe upya, kwa vipimo vile vile, katika kiwanja cha pembeni, kisha la zamani livunjwe. Fundi aliyejifunza akiwa kijana humfundisha kijana mwingine kabla ya uzee kumchukua. Kinachorithiwa ni ujuzi wa mikono, mbao hubadilika.

Lakini urithi wa mikono una hatari yake: mikono ikikaa bure, hupotea. Vita vya ndani vilipoichana Japani, fedha zilikosekana. Hekalu la Nje lilijengwa mwaka 1434, halikujengwa tena hadi 1563. La Ndani lilisubiri kuanzia 1462 hadi 1585. Vizazi vya mafundi vilizaliwa na kufa pasipo kuijenga upya Ise.

Aliyeiunga kamba hiyo iliyokatika alikuwa mtawa wa Kibudha, tena mwanamke. Seijun, mkuu wa nyumba ya watawa ya Keikoin, alizunguka akichangisha sadaka. Kwanza alilijenga daraja la Uji, linalovuka mto Isuzu kuelekea Hekalu la Ndani; kisha, mwaka 1563, Hekalu la Nje likasimama. Mrithi wake Shuyo aliendeleza kazi, na mwaka 1585 mahekalu yote mawili yakajengwa upya. Wale ambao hata jina lao halikutamkwa ndio walioiokoa nyumba.

Shukrani haikudumu. Serikali ya Meiji, katika karne ya 19, ilipozitenganisha dini hizo mbili, Keikoin nayo ikafungwa.

Basho hakuweka kinyongo. Mwaka 1689, baada ya safari yake ndefu ya kaskazini, hakupumzika: alipanda mashua kutoka Ogaki kwenda kuishuhudia Ise ikihamia nyumba mpya. Kwa habari hiyo ndipo alipokifunga kitabu chake mashuhuri cha safari.

Mwaka 2013 hekalu lilijengwa kwa mara ya 62, na Juni 2025 miti ya kwanza ilikatwa kwa ajili ya ujenzi wa 2033. Mgeni wa leo, awe na nywele au asiwe nazo, huvuka daraja la Uji, hupita chini ya miti mikubwa, hupanda ngazi za mawe, na hukomea mbele ya pazia jeupe. Zaidi ya hapo huona ncha za paa tu. Mahali aliposimamishwa Basho, sasa husimama watu wote.