Kibaraza cha Vikokotoni

Nilipotimiza miaka saba, mama alinipa shilingi moja na kikapu cha ukili, akaniambia niende soko la Darajani nikanunue samaki wa changu. Ilikuwa 1968, tunakaa Vikokotoni, mjini Zanzibar. Hakuna aliyenishika mkono. Samaki nilinunua, lakini wakati wa kurudi nikawakuta wenzangu wanacheza gololi, nikasimama kutazama nani atashinda. Kwenye kibaraza cha jirani alikuwapo mzee mmoja, mshonaji wa kofia za viua. Kofia ameiweka gotini, sindano inazunguka kitundu, inaingia na kutoka, na uso hakuunyanyua. "Samaki anaharibika, baba," akasema. "Na mama'ako keshakuna nazi."

Nilitoka mbio. Mpaka leo najiuliza habari za nazi alizipata wapi.

Vikokotoni kwetu ni Ng'ambo, na Ng'ambo ni ng'ambo ya hori. Zamani maji yakijaa yalipita kati yetu na Mji Mkongwe, na daraja lililovuka hapo ndilo lililolipa Darajani jina lake. Upande wetu walijikusanya wachukuzi, wavuvi, mafundi, watu wa Bara na wa Ngazija, na wengi waliotoka utumwani, hasa baada ya utumwa kupigwa marufuku 1897. Mtu alisimamisha nyumba yake ya miti na udongo juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 watu waligoma kuilipa, wakasimama pamoja mtaa kwa mtaa. Mwaka huohuo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, naye mtu wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake.

Nyumba zenyewe zilikuwa za namna moja. Boriti zinasimamishwa, fito zinafungwa kwa kamba, udongo unakandikwa, juu makuti. Ndani kuna ukumbi na vyumba pande mbili, nyuma uani. Na mbele, kabla hujafika mlangoni, kuna kibaraza: tuta la udongo lililosilibwa likawa laini, limeegemea ukuta, pana kiasi cha mtu kujinyoosha. Hakikuwa cha nyumba peke yake. Mpita njia aliyechoka alikaa bila kubisha hodi. Asubuhi anapita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, alasiri watu wanacheza bao, na jua likipungua mama zetu nao hutoka wakasuka ukili au wakachambua mchele huku wanazungumza.

Watu husema siku zile watoto walilelewa na kijiji kizima. Mimi naona maneno hayo hayatoshi, kwa sababu hayasemi walilelewa vipi. Sisi tulilelewa na nafasi ile ya nusu mita mbele ya ukuta. Kila hatua ishirini palikuwa na mtu anayemjua mama yako, ndiyo maana mama yako aliweza kukuachia uende. Uhuru wetu ulitokana na macho yale. Nikipeleka futari kwa mgonjwa, nikisomewa barua na mzee asiye ndugu yangu, nikiamkia vibaraza kumi na viwili kabla ya kufika chuoni, nilikuwa najifunza mtaa ni wa nani.

Wapangaji wa mji walikuja wengi. Lanchester alichora mpango wake 1923, Kendall wake 1958, na 1968 wakaja Wajerumani Mashariki. Huo wa mwisho ndio uliotugusa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume, rais wetu, alitaka watu wa Ng'ambo watoke kwenye udongo wakae kwenye majumba ya kisasa, na Michenzani, humohumo Ng'ambo, ikaanza kupanda ghorofa juu ya ghorofa. Watu walijitolea kufanya kazi. Baba alikwenda kubeba mawe, akirudi mikono imechubuka na moyo umekunjuka. Nyumba yetu ilibomolewa, tukapewa fleti.

Siku ya kwanza mama alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena, akalia. Alikuwa amebeba ndoo miaka yake yote. Hilo silisahau, na simruhusu mtu azidharau fleti zile mbele yangu.

Lakini mdogo wangu hakutumwa Darajani. Alikuwa na miaka saba kama mimi nilivyokuwa, na umbali ulikuwa uleule. Mama akisimama dirishani aliiona barabara nzima, ila hakumjua hata mmoja aliyekaa chini. Mtoto akashinda ndani. Alipofika miaka kumi bado alikuwa haijui njia ya sokoni.

Kilichofuata hakikuwamo kwenye mchoro wowote. Watu wa ngazi yetu walichanga saruji mifuko miwili, na fundi mmoja aliyekaa ghorofa ya chini akajenga benchi refu pembeni ya mlango wa ngazi, usiku, baada ya kazi zake. Hakuomba kibali. Wazee wakateremka na bao lao. Muuza kahawa akaongeza kituo. Na mama akaanza kuteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, pesa ndani, akiita jina la mzee aliyekaa chini kwanza, kisha la mwanawe: "Mzee, huyo namtuma!"

"Haya, Bi mkubwa, tunamuona," wakaitikia, na mdogo wangu akachukua kikapu.