Kazi ya Mikono Iliyowekewa A, B, C na D

Jikoni kwetu kuna stuli inayumba. Mathe aliiunda akiwa darasa la saba, enzi za 8-4-4 ile ya kwanza. Ameikataa kutupwa mara tatu. Juzi mdogo wangu, yuko gredi ya 8, akaniuliza mbona yeye hajawahi kushika randa na kila siku anaambiwa mtaala wao ni wa vitendo.

Swali poa. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1909, ripoti ya Fraser ilishauri Mwafrika hapa kwetu afunzwe kazi za mikono. Mwaka wa 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, nayo ikasukuma elimu ya ukulima na ufundi. Kwa karatasi inasomeka vizuri tu. Shida ni kwamba shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, na mtoto wa mzungu hakuwa anaandaliwa kuwa seremala wa mtu. Nyundo ikawa alama ya mahali pako. Ndiyo maana wazazi wa Kikuyu walipoanza kufungua shule zao huru, hasa baada ya 1929, walidai vitabu na Kiingereza. Hawakuwa wanadharau jembe, jembe walikuwa nalo nyumbani. Hiyo hofu haikuisha na uhuru, na mimi siwezi kuwalaumu.

Sasa kuja Januari 1985. Serikali ya Moi inaleta 8-4-4: ukulima, sanaa na ufundi, sayansi kimu, muziki, yote kwenye shule ya msingi. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa: watoto wengi walikuwa wanaishia hapo na hawana ujuzi wowote. Lakini karakana ziliachiwa wazazi wajenge kwa harambee. Mathe anasema kwao msumeno ulikuwa mmoja, unangoja zamu kama maji ya bomba.

Halafu wakaitia kwenye KCPE. Hapa ndipo mimi huchoka. KCPE kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kuchagua jibu. Yaani unaulizwa kuhusu mshono, na unajibu kwa kupaka penseli kwenye A, B, C ama D! Ungeweza kupita vizuri na hujawahi kutia uzi kwenye sindano. Walimu nao si wajinga, wakafunza kinachotahiniwa. Masomo yakazidi, wazazi wakalia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ufundi ukaondolewa kwenye mtihani. Nilifanya KCPE 2017. Sanaa ilikuwa kwenye ratiba, naam, lakini kipindi chake kilikuwa cha hesabu.

Januari 2023, sekondari msingi ikaanza: masomo 12 ya lazima, halafu mwanafunzi achague moja au mawili ya hiari. Sanaa, kompyuta, sayansi kimu, lugha za kigeni. Nilifurahi. Ila chaguo bila mwalimu si chaguo. Baada ya ripoti ya jopo la Munavu mwaka huohuo, masomo yakapunguzwa hadi 9 na mengi yakaunganishwa. Kupunguza nakubali, watoto walikuwa wamebebeshwa. Lakini kile kidogo cha hiari ndicho kilimezwa.

Mimi ningefanya hivi: kozi za wiki nne au tano, mtoto achague mwenyewe, bila alama hata moja. Fundi wa mtaa aje na vifaa vyake, alipwe. Mwezi huu kushona, muhula ujao kurekebisha redio. Ukichukia, umepoteza wiki nne tu. Mimi nilipoteza miaka miwili ya chuo na karo ya mathe kabla ya kujua sikuwa wa ile kozi. Kuhariri video, hii inayonilipia kodi, nilifunzwa na jamaa mmoja kwa wiki tatu, nyuma ya duka la kuchaji simu. Nilikuwa na miaka 20. Kwani nisingeonjeshwa nikiwa na 13?

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu kwa fundi hapa chini, na ile stuli mkononi. Ameikata mguu mwenyewe. Bado inayumba, ila sasa ni ule upande mwingine, na mathe hajaniongelesha tangu jana.