Ziwa Mweru na Watu Waliolivuka

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI:
Leo tunazungumza juu ya mahali ambapo wengi wenu mlifikia mlipokimbia: Kashikishi na Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Huenda umewahi kuambiwa sokoni, "Wewe si mtu wa hapa." Neno hilo linauma. Basi tuiulize historia: watu wa hapa ni nani, na walitoka wapi?

Tuanze na maji. Mto Luapula unatoka upande wa Bangweulu na kuingia Mweru kusini. Mto Kalungwishi unaingia kutoka mashariki. Ziwa lenyewe lina kilometa za mraba zipatazo 5,000. Kaskazini, pale Pweto, maji yanatoka kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba huko Ankoro, kisha yanapita Kisangani hadi bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo maji unayoyaona Kashikishi yako njiani kwenda Kongo.

Wavuvi wa zamani wa ziwa hili walikuwa Washila, na mkuu wao aliitwa Nkuba. Katika karne ya 18 Walunda walifika kutoka magharibi, kutoka himaya ya Mwata Yamvo, ambayo leo iko Kongo. Kiongozi wao ni Mwata Kazembe. Wazee wanasimulia kwamba Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, mwanamke aliyeitwa Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Kazembe kuomba haki. Walunda walipomuua Nkuba, Nachituti alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake: nchi na ziwa ni vyako. Hata hivyo Washila hawakufukuzwa. Walunda walitawala, lakini wenyeji wa zamani waliheshimiwa kama wenye ziwa.

[Muziki mfupi]

Wageni wengine wakafuata. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika kwa Kazembe kutoka Msumbiji, akafia huko. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuja. David Livingstone alipofika mwaka 1867 alimkuta Mohammed bin Saleh, mtu wa pwani aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Kiswahili unachosikia sasa kilifika huku kwa misafara kama hiyo, iliyobeba pembe za ndovu na shaba, na watumwa pia.

Mpaka ulikuja baadaye. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana kuligawa ziwa, na kisiwa cha Kilwa kikabaki upande wa Waingereza. Watu wa ng'ambo zote mbili hawakuulizwa. Ndugu walilala nchi moja, wakaamka nchi mbili.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 1899 Waingereza walituma askari kumshinda Mwata Kazembe, wakauchoma mji wake. Mwata mwenyewe akavuka Luapula kuokoa maisha. Baadaye alirudi kwa msaada wa wamisionari. Ndiyo, mfalme wa nchi hii alikuwa mkimbizi! Na miaka michache baadaye watu wa kawaida nao walihamishwa, serikali ya kikoloni ilipoondoa vijiji ukingoni kwa hofu ya malale. Walikaa mbali na ziwa lao kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Waliporudi, samaki akawa mali. Migodi ya shaba ya Katanga na ya Zambia ilihitaji chakula cha wafanyakazi, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki wa Luapula na Mweru kwa ajili ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Samaki aliyependwa sana ni mpumbu, ambaye alipanda mtoni kwa makundi makubwa kutaga mayai. Nyavu zikamngojea njiani. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu kutoweka. Hakumalizwa na wageni peke yao wala wenyeji peke yao. Leo wengi wanategemea pale na chisense, dagaa anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Ndiyo maana uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Sheria hiyo inamhusu kila mtu, mgeni na mwenyeji.

Nchi hii ina uzuri wake pia. Kwenye Mto Kalungwishi kuna maporomoko ya Lumangwe, yenye upana unaozidi mita 100. Kila mwisho wa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza ngoma ya Mutomboko mbele ya umati, kukumbuka safari na ushindi wa wazee wake waliotoka ng'ambo.

Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, maelfu walivuka kuja huku. Kuanzia Agosti 2017 wengine wakavuka tena, wakapitia Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Ukiambiwa tena kwamba si mtu wa hapa, usigombane. Unaweza kujibu kwa upole: Walunda nao walikuja, na Mwata aliwahi kukimbia. Kisha jifunze desturi za wenye ziwa, kama wageni wa kwanza walivyofanya. Wabemba husema, "Mwaiseni," yaani karibuni. Neno hilo lina historia ndefu hapa.

[Muziki]

Maswali ya kuzungumza nyumbani au kwenye kikundi:
1. Wazee wenu walitoka wapi kabla ya kufika kijiji ulichozaliwa?
2. Nani aliwapokea, na kwa masharti gani?
3. Mpumbu alitoweka kwa kosa la nani?