Vumbi la Maua Yasiyonyauka

Hebu yatazame vizuri yale maua ya plastiki ya sebuleni kwenu. Zamani yalikaa juu ya televisheni, chini yake kitambaa cha kufuma. Televisheni zilipokuwa bapa, yakahamia mezani. Hayanyauki, hayaombi maji. Yanaomba kitu kimoja tu: kufutwa vumbi. Na hilo vumbi, bwana, lina historia yake.

Twende London, mwaka 1861. Maua bandia yanatengenezwa kwa kitambaa, karatasi na nta, na wanawake wenye uwezo wanayavaa kichwani wakienda dansini. Majani lazima yawe ya kijani kinachowaka chini ya taa za gesi. Rangi hiyo ilitokana na shaba na aseniki, sumu ileile ya kuulia panya. Mkemia Carl Wilhelm Scheele alitengeneza ya kwanza huko Sweden mwaka 1775, na mwaka 1814 ikaja nyingine yenye kung'aa zaidi.

Matilda Scheurer alikuwa na miaka 19. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia unga wa kijani juu ya majani bandia. Unga ulipeperuka, akauvuta puani, akaula na chakula. Novemba 20, 1861, akafa. Iliandikwa kwamba alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani, na alimwambia daktari kila anachokitazama anakiona kijani. Februari 1862, mkemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann akaeleza katika gazeti la The Times kwamba shada moja la kichwani lilikuwa na aseniki ya kutosha kuwapa sumu watu 20. Kumbe! Lakini mvaaji alivaa shada usiku mmoja tu. Matilda aliushika ule unga kutwa, siku baada ya siku.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, plastiki ikashika nafasi, na Hong Kong ikawa mji wa maua. Li Ka-shing, aliyefungua kiwanda cha plastiki mwaka 1950, alitajirika kwa maua hayo kabla ya kuingia kwenye biashara ya majumba. Familia maskini zilichukua vipande nyumbani, mama na watoto wakiunganisha petali na vikonyo, wakilipwa kwa idadi. Mei 1967, mgogoro wa wafanyakazi katika kiwanda cha maua bandia cha San Po Kong ndio uliowasha ghasia zilizoua watu 51 kabla mwaka haujaisha.

Haya, turudi sebuleni. Ya plastiki yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uyaanike kivulini, maana jua hupausha rangi. Ya kitambaa usiyaloweke, yatachuja. Yatoe nje, uyapanguse kwa brashi laini. Vumbi lake si aseniki, ni la barabara tu. Ila nyumba nyingi kazi hiyo anasukumiwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi umri wake haupishani sana na wa Matilda.

Wewe unayetaka kuandika, si unajua ua bandia limeshachoshwa na mashairi ya mapenzi ya uongo? Liache lipumzike. Muulize aliyeshika kitambaa anaitwa nani, katoka wapi, analipwa ngapi. Matilda aliandikwa baada ya kufa. Huyu wa kwenu yupo jikoni, mzima, na anaongea.