Neno "Mtoto" na Umri wa Kuolewa katika Sheria za Tanzania

Neno mtoto lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo hazina budi kutengwa kabla ya kuchunguza habari za haki zake. Maana ya kwanza ni ya nasaba. Mzee mwenye mvi ni mtoto wa baba yake, na wahenga husema kuwa kwa mzazi mtoto hakui. Maana ya pili ni ya umri, na hii zamani haikuwa na hesabu ya miaka. Vipindi vya maisha vilitambuliwa kwa mwili na kwa desturi: mtoto mchanga, kisha kigori, kisha msichana aliyevunja ungo, kisha mwari aliyewekwa ndani afundwe mambo ya utu uzima. Mvulana naye alitambuliwa kwa jando na kwa kubaleghe. Mwari alipotolewa nje hakuitwa mtoto tena, hata kama hapana aliyejua amezaliwa mwaka gani, na waliokuwa na haki ya kusema kwamba utoto wake umekwisha walikuwa wazee wake, si yeye.

Serikali ilipoanza kuweka sheria moja ya ndoa kwa watu wote, vipimo hivi viwili, cha mwili na cha miaka, vilikutana. Chini ya utawala wa Waingereza ndoa za Tanganyika zilifuata sheria mbalimbali: za Serikali, za Kiislamu, za Kihindu, na za mila za makabila. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1961, sehemu ya sheria za mila iliandikwa na kutangazwa katika mwaka wa 1963. Katika mwaka wa 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1, uliokuwa na mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, na mapendekezo hayo yakazaa Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka wa 1971. Sheria hiyo ilihusu Tanzania Bara tu, wala haikufika Zanzibar.

Si haki kuidharau kazi iliyofanywa na sheria ile. Iliamuru kwamba ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili, iliweka utaratibu wa kuandikisha ndoa zote, na ilikataza mume au mke kumpiga mwenzake. Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na umri wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke. Mahakama iliweza kuwaruhusu hata waliotimiza miaka 14, ikiwa pana sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana asiyetimiza miaka 18 apate idhini ya baba yake, au ya mama ikiwa baba amekufa, au ya mlezi ikiwa wazazi wote wamekufa.

Lugha ya kifungu cha 13 yastahili kuangaliwa kwa makini. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, nayo haikutaja umri peke yake, bali umri uonekanao. Maana yake ni umri ambao mtazamaji angeukadiria kwa macho. Sababu yake si ngumu kuifahamu, kwani watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kipimo cha zamani cha mwili hakikuondoka. Kilivikwa tarakimu tu. Msichana aliyewahi kukua aliweza kuonekana ametimiza miaka ambayo hakuitimiza.

Sarufi ya Kiswahili nayo yatoa ushahidi wake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mzazi huoza. Kitenzi cha kwanza kina mtendaji, cha pili kina mtendwa, na cha tatu chamleta mtu mwingine ambaye ndiye asababishaye tendo lote. Kifungu cha 17, ingawa kiliandikwa katika lugha nyingine, kilikubaliana na mpango huo. Ni kweli kwamba hiari ya msichana ilitakiwa na sheria. Lakini binti wa miaka 15 aliye nyumbani kwa baba yake, na mahari yamekwisha zungumzwa, ana nguvu gani ya kukataa?

Wakati ule hapakuwa na mahali pa kuipinga sheria kwa hoja ya usawa. Hata Katiba ya mwaka wa 1977 haikuwa na sehemu ya haki za binadamu mpaka ilipobadilishwa katika mwaka wa 1984, na mahakama hazikuweza kuzitumia haki hizo mpaka mwaka wa 1988. Kisha neno mtoto likaanza kupewa mpaka mpya. Umoja wa Mataifa uliukubali Mkataba wa Haki za Mtoto katika mwaka wa 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka wa 1991. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake katika mwaka wa 1990, na huo ulikataza waziwazi kuwaoza walio chini ya miaka 18. Tanzania iliuridhia mwaka wa 2003. Mwishowe Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka wa 2009, ilisema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18.

Hapo msichana wa miaka 15 akawa na majina mawili: kwa sheria ya mwaka wa 2009 alikuwa mtoto, na kwa sheria ya mwaka wa 1971 aliweza kuwa mke. Sheria moja ilimwamuru mzazi amlinde, na nyingine ilimpa mzazi yule yule idhini ya kumwoza. Katika mwaka wa 2016 Sheria ya Elimu ilibadilishwa, ikawa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Basi msichana aliyekuwa shuleni alipata ngao, na mwenzake aliyekosa shule, ambaye mara nyingi ni wa nyumba maskini zaidi, hakuipata. Jambo hili halikuwa dogo: uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 31 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Mwaka huo huo wa 2016 Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alivipinga vifungu vya 13 na 17 katika Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai mahakama iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufani, akidai miongoni mwa hoja zake kwamba haikuwa sawa kulinganisha umri wa mtoto na umri wa ndoa. Tarehe 23 Oktoba, 2019, Mahakama ya Rufani iliitupa rufani hiyo, ikiona kwamba vifungu vile vinabagua.

Wanaoipinga hukumu hii wana hoja zao. Waislamu wengi hupima kwa kubaleghe, na mzazi maskini anayeogopa binti yake asije akapata mimba nyumbani ana hofu ya kweli, si ukatili. Lakini hofu hiyo haielezi kwa nini ulinzi wa mvulana uwe ni kungojeshwa mpaka miaka 18, na ulinzi wa dada yake uwe ni kuharakishwa. Isitoshe, hukumu peke yake haiandiki sheria mpya; kazi hiyo ni ya Bunge, na muda wa mwaka mmoja uliowekwa na Mahakama Kuu ulipita bila marekebisho.

Katika mwaka wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania. Kwa hiyo wajuzi wa lugha wamepewa sehemu yao katika shauri hili. Maneno "ndoa za utotoni", ambayo sasa yamezoeleka midomoni mwa watu, yameunganisha mambo mawili ambayo rufani ile ilitaka yatengwe. Katika nasaba, mtoto ataendelea kuwa mtoto hata azeeke. Katika sheria, hapana budi neno hilo liwe na mwisho unaojulikana, na mwisho huo uwe mmoja kwa binti na kwa kaka yake, uhesabiwe kwa miaka ya kuzaliwa wala si kwa macho ya wanaomtazama.