Kigwe Kinatosha

Orodha ya istilahi za kazi za mikono iliyosambazwa kwetu karibuni ina mengi mazuri. Kurasa za ushonaji, kwa mfano, zimeandikwa na mtu aliyewahi kuchomwa na sindano. Tatizo ni pale ilipofika zamu ya ile kamba nyembamba ya nailoni, ya rangi zote, iliyoanzia kwenye parachuti, ambayo vijana huisukia bangili, mikanda ya saa na vishikio vya funguo. Wanakamati walioitunga orodha wameiita *kambavuli*. Na kwa asiyependa *kambavuli*, wamemruhusu kwa ukarimu aseme *parakodi*.

Nianze na la kwanza. Wamechukua kamba, wakachukua mwavuli, kisha mwavuli wakaukata kichwa ili neno lisirefuke. Kuiita parachuti mwavuli si kosa. Askari wa miavuli tumewasikia redioni miaka na miaka na hakuna aliyedhani wanajikinga mvua. Lakini mwavuli ukikatwa kichwa unabaki *vuli*, na vuli tunaijua: ni mvua za mwisho wa mwaka. Mkulima wa Muheza akiambiwa kuna kambavuli dukani atauliza kama ya masika nayo imeshafika.

*Parakodi* ni baya zaidi, maana limejivika joho la utaalamu. Kupara ni kukwangua. Kodi haihitaji kufafanuliwa. Mwenye duka Kariakoo akilisikia neno hilo atateremsha mlango kwanza, maswali baadaye.

Wenye kulitetea husema ni la kimataifa. Haya, tulifuate huko lilikotoka. Louis-Sébastien Lenormand, Mfaransa aliyeruka kutoka mnara wa Montpellier mwaka 1783, ndiye aliyekiita chombo chake *parachute*. Nusu ya mwisho ni kuanguka. Nusu ya kwanza imetokana na kitenzi cha Kitaliano chenye maana ya kuzuia au kukinga, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika majina ya Kifaransa ya mwavuli wa jua na mwavuli wa mvua. Kwa hiyo aliyefupisha jina la Kiingereza la kamba hii akabakiza *para* peke yake alibakiza kinga akautupa mwanguko, yaani alitupa sehemu pekee iliyokuwa ikitofautisha parachuti na mwavuli wa bibi harusi. Nayo *kodi*? Imepita kwa Wafaransa, ikapita kwa Warumi, hadi kwa Wayunani, ambao neno lao lilitaja utumbo uliokaushwa ukawambwa kwenye kinubi. Tukilichukua kwa asili yake, basi, tunamwambia kijana avae mkononi utumbo wa kinga. Sidhani kama wanakamati walilipekua hadi huko. Wangelipekua, wangeliacha.

Neno tunalo. Ni *kigwe*.

Ugwe ni uzi mnene au kamba nyembamba. Kigwe ni mdogo wake, na kamusi zilizochapishwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa zinakieleza kuwa ni kamba nyembamba ya kusuka, ya kutiliwa kwenye pindo la nguo au ya kuongozea mnyama. Hapo pa kusuka ndipo penye hoja yangu yote. Kiswahili hakikuyatupa tu majina ya kamba ovyo. Kiliyagawa kwa namna mkono unavyofanya kazi. Wanawake wa Paje na Jambiani hufukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda, kisha wakayasokota viganjani: hiyo ni kamba. Ukindu ukisukwa bapa ili ushonwe mkeka, huo ni ukili. Mwenzangu mmoja, hodari wa semina, alinishauri niridhike na *ukambaa*, na nakiri alikaribia, kwa kuwa ukambaa nao husukwa. Ila husukwa kwa majani, na kwa mapana yake haumfai mtu anayetaka kamba ya unene wa milimita nne. Kamba nyembamba, ya mviringo, iliyosukwa, ni kigwe. Hakuna kiti kingine kilichobaki wazi.

Asiyeamini achukue kipande akikate kwa wembe, kisha aivute ala nyuma kidogo. (Nimesema ala, kama ya jambia. Orodha imeandika *ganda*. Ganda humenywa likatupwa. Ala huvutwa ikarudishwa, na ndivyo hii inavyofanya.) Kutatokeza nyuzi nyeupe, saba kwa kawaida, pengine nane au tisa. Ukiufumua mmojawapo katika kigwe kilichotengenezwa kwa vipimo vya jeshi la Marekani, utaona nao umepotwa kwa nyuzi tatu ndogo zaidi. Ala yenyewe ni nyuzi 32 au 36 zilizosukwa kwa kupishana. Nje kumesukwa, ndani kumepotwa. Mswahili aliyekaa barazani akitazama wazee wakisuka na kupota angekipa jina kabla hujamaliza kumweleza.

Wapo wanaosema jina lazima litaje parachuti, kwa heshima ya historia. Historia naijua. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, ikavuma kwa soksi za kike. Vita ilipokatiza hariri ya Japani, ikahamishiwa kwenye parachuti. Mwaka 1942, Adeline Gray alikuwa mtu wa kwanza kuruka na parachuti ya nailoni, huko Hartford, Connecticut. Kamba zake zikapangwa kwa madaraja, na la tatu, linalohimili pauni 550, kama kilo 249, ndilo ambalo wasukaji leo huliita kwa namba tu: mia tano hamsini. Lakini askari wakishatua waliikata kamba hiyo wakaifungia mahema, mizigo na viatu, na mwaka 1997 wanaanga wa chombo cha Discovery waliitumia walipokwenda kuikarabati darubini ya Hubble. Kamba iliyofika huko bila parachuti haidaiwi tena kulibeba jina lake. Hakuna anayeita soksi zake *miguuvuli*.

Pendekezo langu la kigwe nililiwasilisha kwa kamati kwa maandishi, pamoja na mifano. Jibu lilikuwa sentensi moja: neno limechakaa na lina maana nyingine. Kuchakaa sikujibu, neno halina tarehe ya kuisha kama dawa. Kuhusu maana nyingine, naomba radhi kuwakumbusha waheshimiwa kwamba wao wenyewe walipitisha *kipanya* cha kompyuta bila kuogopa paka, na kwamba waandishi wa jibu hilo walikaa *mezani* kupitisha *hoja*, na meza ni ya kulia, na ni ya kumeza pia. Maana nyingine si maradhi.

Matumizi, kwa kifupi: kigwe, vigwe, katika ngeli ya KI-VI, kigwe cha mia tano hamsini, bangili ya kigwe. Mkono wa mtu mzima hula mita tatu hivi pamoja na bizimu ya plastiki; ncha huchomwa kwa kiberiti zisifumuke; na kigwe si cha kupandia mlima, kilo 249 zisikudanganye, kwani mtu anayeanguka huvuta kwa nguvu kuliko uzito wake.

Limebaki jina la msuko wenyewe, ule wa bangili za kawaida. Ncha ya kushoto hupita juu ya nyuzi za katikati, ya kulia ikapita juu yake, chini ya katikati, ikatokea kwenye kitanzi cha kushoto. Kisha hubadilishwa, ya kulia ikaanza. Anayesahau kubadilisha ataona bangili ikijizungusha kama ngazi ya mnara. Aliyepotea aangalie pembeni: upande wenye kinundu cha mwisho ndio wa kuanza nao. Wenzetu ng'ambo huufananisha na nyoka, na orodha imeandika *msuko wa kobra*, ilhali swila yumo vichakani mwetu na jina lake halijawahi kumshinda mtoto kulitamka. *Msuko wa swila*, basi. Wapo pia wanaouita kwa jina la Nabii Suleimani, na kama aitwe Suleimani, Sulemani au Solomoni, hilo nawaachia kamati. Litawachukua vikao vitatu, na posho ipo.